Boriti ya Gundi na Upana wa Chumba



Aliyewahi kulala katika nyumba kongwe ya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja akatazama juu, ameziona boriti za mkoko zikiwa zimepangwa safu. Miti hiyo hiyo ilipakiwa majahazini ikavushwa hadi Oman na Ghuba, ikabeba dari za huko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana aghalabu hauzidi meta 3. Aliyeamua ni mkoko, si fundi.

Hapa London, katika uwanja wa kriketi wa Lord's, jukwaa la Warner lilifunguliwa upya mwaka 2017. Paa lake limebebwa na boriti 11 za mwaloni mweupe wa Marekani, iliyo ndefu zaidi ikipita meta 20. Boriti hizo hazikutoka katika gogo moja. Ni mbao nyembamba zilizokaushwa, zikakaguliwa, zikapakwa gundi na kubanwa tabaka juu ya tabaka, hata udhaifu wa ubao mmoja ukafidiwa na jirani yake.

Ustadi huu si mpya. Otto Hetzer wa Weimar, Ujerumani, alipata hataza ya boriti zilizopindwa za namna hii mwaka 1906. Kwa miaka mingi zilitumika mbao laini za jamii ya msonobari, kwa kuwa hushika gundi kwa urahisi. Mbao ngumu zina nguvu zaidi, lakini nyingi huvimba na kusinyaa sana unyevu unapobadilika, na kuivuta gundi.

Na gundi si jambo la mzaha. Tarehe 2 Januari 2006, paa la ukumbi wa kuteleza kwenye barafu huko Bad Reichenhall, Ujerumani, liliporomoka kwa uzito wa theluji. Watu 15 walikufa. Miongoni mwa kasoro zilizobainika, gundi iliyounga boriti haikustahimili unyevu.

Kwetu pwani unyevu ni wa mwaka mzima. Mikoko nayo yahitaji kuhifadhiwa. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Mikaratusi na misaji tunayopanda hutoa mbao ngumu, na gundi yaweza kuzifanya boriti ndefu. Ila msaji una mafuta yanayoitatiza gundi.

Basi ndugu yangu uliye Muscat au Birmingham, unayetuma fedha za kujenga nyumbani, ukitajiwa boriti ya namna hii usiulize aina ya mti tu. Uliza ni gundi gani, na nani aliyeipima.