Nta Haiondoi Mikwaruzo

Somo: Zaburi 139:23-24



Nilikuwa na gari kuukuu, jeusi. Arusi ya binti yangu ilipokaribia, nilitaka gari hilo limpeleke kanisani likiwa linang'aa. Basi nikalipeleka kwa fundi wa rangi, nikamwambia, "Lipake nta tu, fundi, ling'ae."

Fundi hakunijibu. Alilisukuma gari kutoka kivulini hadi juani. "Mzee, hebu tazama hapa." Pale jua lilipopiga juu ya boneti nikaona mikwaruzo midogo mingi, imezunguka kama utando wa buibui. Nikauliza ni nani aliyeliharibu gari langu.

"Ni wewe, mzee," akasema. "Kila asubuhi unafuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi ni mchanga. Ukilisugua bila maji, linakwaruza rangi."

Akanieleza kwamba nta huijaza mikwaruzo na kuificha, lakini haiiondoi. Mvua na sabuni zikiitoa nta, mikwaruzo huonekana tena. Rangi hung'aa kwa kweli inapokuwa laini na sawasawa, ndipo mwanga huakisiwa kama kwenye kioo.

Basi akaliosha gari kwanza, vumbi lote likatoka. Kisha akapiga msasa laini wa maji, namba 2000. Lo! Boneti ikafifia, ikawa kama imepakwa majivu. Nikadhani ameiharibu kabisa. "Ngoja, mzee." Akaendelea kwa dawa ya kusugulia, na baadaye kwa nyingine iliyo laini zaidi, huku akipima kwa mkono isipate moto, kwa maana rangi ni nyembamba, na anayezidisha huimaliza. Nta ilikuja mwisho kabisa.

Nilipokuwa nimeketi pale nikingoja, moyo wangu ulinichoma. Mimi na ndugu yangu tulikuwa na miaka 4 bila amani, kwa ajili ya mpaka wa shamba alilotuachia baba. Kila Jumapili tulishikana mikono mlangoni pa kanisa, tukatabasamu. Kumbe kile kilikuwa kitambaa kikavu! Na kadi ya arusi sikuwa nimempelekea.

Jioni ile nilikwenda kwake. Ndugu msikilizaji, haikuwa rahisi. Tulitoa maneno tuliyoyaficha, na mwanzoni nilidhani mambo yameharibika zaidi. Ndipo nikasema neno lililokuwa gumu kwangu: "Ni mimi niliyeusogeza ule mpaka." Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwita mkewe alete chai.

Siku ya arusi watu waliisifu rangi ya gari. Mimi nilikuwa nikimtazama ndugu yangu, ameketi kiti cha mbele pamoja na jamaa.

Mtunga zaburi hakuomba afunikwe. Aliomba Mungu amchunguze, auone ubaya uliomo ndani yake, kisha amwongoze. Je, wewe unataka nta tu leo? Mkubalie Bwana akutoe kivulini. Akikusugua, usikimbie, yeye anajua kipimo chako.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe mikwaruzo tuliyoifanya wenyewe. Utupe ujasiri wa kwenda kwa ndugu zetu kabla jua halijatua. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.