Kalunguyeye si Nungunungu: Namna ya Kumsaidia Akiugua



Mazungumzo haya yahusu mnyama mdogo ambaye watu wengi wa Kitale na Bungoma wakimkuta bustanini humpiga kwa fimbo, ilhali hana kosa. Jina lake ni kalunguyeye.

Wako wamchanganyao na nungunungu, kwa kuwa wote wawili wana miiba. Nungunungu ni mkubwa. Aweza kupita kilo 15, miiba yake ni mirefu, naye huchimba viazi na mihogo. Kalunguyeye hutosha katika viganja viwili, na uzito wake ni kama nusu kilo tu. Chakula chake hasa ni wadudu: mbawakawa, mchwa, viwavi, na konokono pia. Basi ampigaye kalunguyeye kwa ajili ya viazi vilivyoliwa amemwadhibu mlinzi kwa kosa la mwizi.

Mnyama huyu hutembea usiku. Akionekana mchana juani, akiyumbayumba, akizingirwa na nzi, au akiguswa asijikunje, yumkini ni mgonjwa. Pengine ameumwa na mbwa, au ameungua katika rundo la mabua lililochomwa, au amekula wadudu waliopuliziwa dawa. Jambo hili la mwisho lastahili kufikiriwa sana, maana tangu mwaka 2017, viwavi jeshi vamizi walipoonekana katika mahindi ya magharibi ya Kenya, dawa za kuua wadudu zimekuwa kitu cha kila siku katika mashamba mengi.

Mwenye kumkuta na afanye hivi. Kwanza, amwinue kwa gunia lililokunjwa au kwa glavu, amtie katika boksi refu lenye matundu ya hewa, na kutandika vitambaa ndani yake. Pili, ampe joto. Nyakati za usiku Kitale huwa na baridi, na kalunguyeye aliyeshikwa na baridi huzubaa hata akadhaniwa amekufa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa iwekwe upande mmoja wa boksi, ili mnyama apate nafasi ya kujitenga akiona joto limezidi. Tatu, boksi liwekwe mahali penye kimya na giza, mbali na mbwa na watoto.

Akisha kupata joto, awekewe maji katika kisahani. Asinyweshwe kwa nguvu, maana maji yaweza kuingia mapafuni. Wengi kwa huruma humpa maziwa. Huruma hiyo humdhuru, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe humharisha, na mnyama mgonjwa akiharisha hukaukiwa na maji mwilini. Apewe yai la kuchemsha lililokatwakatwa, au nyama iliyopikwa bila chumvi wala kitunguu.

Kupe wachache wasimtie mtu hofu. Asipakwe mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwani dawa iliyopimwa kwa ng'ombe yaweza kumwua mnyama mdogo kama huyu. Akiwa na jeraha, au akiwa na mayai ya nzi yaliyo kama punje nyeupe za mchele, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kila amshikaye na anawe mikono kwa sabuni, maana aweza kuambukiza choa na vijidudu vya kuharisha. Mtu akiumwa naye, aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

Tena ifahamike kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo habari zipelekwe kwa maofisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS, ambao wapo katika mbuga ya Saiwa karibu na Kitale na katika mbuga ya Mlima Elgon.

Akipona, arudishwe jioni mahali pale pale alipookotwa, mradi pasiwe pamepuliziwa dawa karibuni. Kila rundo la mabua lifunuliwe na kutazamwa kabla ya kutiwa moto, kwani yawezekana yumo humo amelala, akingoja usiku uingie aanze kazi yake.