Mficha Uchi Hazai: Mnunuzi wa Nyumba, Wakili Wake na Benki

Mada kwa semina ya Waswahili wanaojiandaa kununua nyumba ya kwanza Uingereza



1. Utangulizi

Wenzetu waliokwisha kununua nyumba hapa England wana malalamiko yanayofanana: wakili mzito, wakili hapokei simu, wakili anahoji kama polisi. Kuhusu simu sina la kumtetea. Kuhusu kuhoji, ninayo hoja. Yapo mambo matatu ambayo sisi tunayahesabu kuwa ya kifamilia: fedha za upatu, nyumba iliyoko kwetu na mchango wa ndugu. Mezani kwa wakili yote matatu ni mambo ya kisheria, na anayeyaficha hujifunga mwenyewe. Ninazungumzia England tu. Scotland ina utaratibu wake, na Wales ina ushuru wake wa nyumba.

2. Wakili ni wa nani?

Mara nyingi wakili mmoja huwawakilisha wawili: wewe unayenunua na benki inayokukopesha. Ada unalipa wewe, lakini benki nayo ni mteja wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize kama yumo katika orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki yako. Wanaonunua kwa mpango usio na riba wamuulize pia kama amewahi kuishughulikia mikataba ya aina hiyo, maana karatasi zake ni nyingi zaidi.

Wakili huchunguza hati kwa Msajili wa Ardhi, hupekua kumbukumbu za halmashauri na za maji, kisha humhoji wakili wa muuzaji. Nyufa na unyevu havimo katika kazi yake. Hivyo ni vya mkaguzi wa majengo. Na msidhani tathmini ya benki ndiyo ukaguzi huo. Benki inatazama dhamana yake.

Kwa kuwa ana wateja wawili, akigundua jambo linaloigusa benki, kwa mfano kwamba sehemu ya kianzio chako ni mkopo, ataomba ruhusa yako aiarifu. Ukikataa, hatatoa siri yako, lakini atalazimika kuacha kuiwakilisha benki. Hapo safari imekwama.

3. Fedha za upatu

Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inamtaka wakili ajue kianzio kimetoka wapi. Tuseme zamu yako ya upatu imefika, na wenzako kumi wamekutumia pauni 600 kila mmoja. Kwetu hiyo ni akiba ya jasho. Kwa asiyeujua upatu, ni watu kumi wasiofahamika walioingiza pauni 6,000 kwenye akaunti moja. Msisubiri aulize. Mpelekeeni mapema maelezo ya jinsi mchezo unavyoendeshwa, majina ya washiriki na taarifa za benki zinazoonyesha kwamba nanyi mlikuwa mkichangia zamu za wengine.

Zawadi ya mzazi au kaka nayo ina karatasi zake. Mtoaji, awe Muscat au Dar es Salaam, ataombwa kitambulisho, ushahidi wa fedha zake, na barua inayosema kwamba ametoa na hadai chochote. Kama anadai, isemwe.

4. Nyumba ya kwetu

Hapa ndipo wengi huumia. Anayenunua nyumba ya kwanza hupunguziwa ushuru wa ununuzi, lakini sheria huuliza kama umewahi kumiliki nyumba popote duniani, hata ya urithi. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, chukueni nyumba ya pauni 300,000. Ambaye hajawahi kumiliki nyumba hatalipa kitu. Aliyerithi nyumba Tanga akaiuza zamani atalipa pauni 5,000. Na ambaye bado anayo nyumba kwao, yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, kwa kawaida ataongezewa asilimia 5 ya bei yote. Jumla inafika pauni 20,000. Nyumba ya mume au mke nayo huhesabiwa katika nyongeza hiyo, hata kama jina lake halimo kwenye ununuzi.

Wakili hawezi kuiona nyumba ya Tanga kwenye kompyuta yake. Atajaza fomu ya ushuru kwa maneno yako, na wewe ndiye utakayewajibika kwayo.

5. Majina mawili, hati moja

Mkinunua wawili, wakili atauliza mnamiliki vipi. Njia ya kwanza: mmoja akifariki, yote ni ya aliyebaki, hata kama wosia unasema vingine. Njia ya pili: kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo huenda kwa warithi wake. Anayetaka mirathi yake igawanywe kwa sharia ya Kiislamu achague ya pili na aandike wosia, kwani bila wosia itafuatwa sheria ya England. Ndugu aliyechangia naye alindwe kwa hati, si kwa kumbukumbu za shangazi.

6. Siku mbili kubwa

Kabla ya kubadilishana mikataba hakuna aliyefungwa: muuzaji anaweza kukugeuka, nawe unaweza kujitoa. Mikataba ikishabadilishwa, ukijitoa unaweza kupoteza arubuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Basi msitie saini kabla ya kuelewa, hasa kwa fleti za umiliki wa miaka. Waliozoea hati za miaka 33, 66 au 99 za Tanzania wataelewa: ulizeni miaka iliyobaki, pango la ardhi na ada za matengenezo.

Siku ya makabidhiano fedha husafiri kati ya mawakili ndipo funguo zitoke. Matapeli huingia hapo kwa barua pepe ya kubadilisha namba ya akaunti. Mpigieni wakili kwa namba mliyopewa siku ya kwanza, msitumie iliyo ndani ya barua hiyo. Baadaye wakili ana siku 14 za kupeleka taarifa ya ushuru na kulipa, kisha asajili jina lako.

7. Maswali ya kujadiliana

(i) Kikundi chetu cha upatu kina daftari ambalo mgeni anaweza kulisoma akaelewa?
(ii) Nani kati yetu ana jina kwenye hati ya nyumba huko nyumbani bila kujua?

Swali la pili msilijibu hapa. Mpigieni mama simu leo jioni, kisha mwambieni wakili alichosema.