Gari Linakula Oili: Kiasi Gani Ndicho Kingi?

"Mzee, hili gari linakula oili." Katika gereji za Musoma na Bunda, kauli hiyo humnyong'onyeza mtu aliyekuja kumwaga oili tu arudi kazini. Nyuma yake mara nyingi hufuata ushauri kwamba injini ishushwe, ifunguliwe, ringi zibadilishwe. Mwenye gari hana cha kujibu kwa sababu hana namba. Hajui gari limekula oili kiasi gani, wala katika kilomita ngapi. Fundi naye hajapima. Uamuzi wa pesa nyingi unafanywa kwa kukisia, na hilo halikubaliki wakati kupima hakuhitaji zaidi ya subira na chupa yenye alama.

Kila injini inakula oili, hata iliyotoka kiwandani juzi. Pistoni inapopanda na kushuka, ukuta wa silinda lazima uwe na utando mwembamba wa oili, la sivyo chuma kitasaga chuma. Kwa kawaida pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia mgandamizo usitoroke. Ya tatu, ringi ya oili, hukwangua oili ya ziada na kuirudisha kwenye sampo kupitia matundu madogo ya pistoni. Haikwangui yote, na haikutengenezwa ikwangue yote. Inayobaki huungua pamoja na petroli. Nyingine hupenya kwenye shina za valvu, na nyingine hupanda kama mvuke ikavutwa tena ndani na kuunguzwa.

Swali basi ni kiasi. Toyota nchini Marekani ilitumia kipimo cha kwoti 1 kwa maili 1,200, yaani karibu lita 1 kwa kilomita 1,900. Baadhi ya vitabu vya magari ya Volkswagen vinataja hadi nusu lita kwa kilomita 1,000, kiasi kinachokaribiana sana na hesabu ya Toyota. BMW ilivumilia zaidi: kwoti 1 kwa maili 750, au lita 1 hivi kwa kilomita 1,200. Hiyo ni mipaka ya juu. Injini nyingi zenye afya humaliza kilomita 5,000, kutoka kumwaga oili hadi kumwaga tena, zikiwa zimepunguza kidogo tu.

Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Gari la abiria linalokwenda na kurudi siku 5 kwa wiki hukata kilomita 2,000 hivi kwa wiki. Dereva wake akilalamika kwamba kila wiki anaongeza lita nzima, gari lake bado linazunguka kwenye mpaka uleule wa Toyota. Tuseme sasa yupo mwalimu wa Butiama ambaye huendesha kilomita 500 kwa mwezi, naye anaongeza lita 1 kila mwezi. Anaongeza mara chache kuliko dereva wa abiria, lakini injini yake inakula mara 4 zaidi kwa kila kilomita. Huyu ndiye mwenye tatizo, na pengine hajashtuka.

Namna ya kupima ipo tayari, na ilipata umaarufu kutokana na malalamiko makubwa. Injini ya Toyota aina ya 2AZ-FE, ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye Camry na RAV4 za kuanzia mwaka 2006 hivi, ililalamikiwa na Wamarekani wengi kwa kumaliza oili. Mwaka 2011 kampuni ilitoa waraka wa kiufundi kwa mafundi wake, na mwaka 2015 ikarefusha dhamana ya magari yaliyohusika. Fundi alijaza oili hadi alama ya juu, akaweka alama ili isiguswe, mwenye gari akaendesha maili 1,200 na kurudi. Ikipungua zaidi ya kwoti 1, pistoni na ringi zilibadilishwa kwa zenye muundo mpya. Dhamana hiyo haikumfikia mtu wa Bunda, ingawa injini ya jina hilohilo imo kwenye Harrier, Alphard na Estima nyingi za lita 2.4, na si kila moja ina kasoro. Kipimo chenyewe, hata hivyo, kinaweza kufanywa popote. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika 5 hadi 10, oili ijazwe hadi alama ya juu ya stiki, kilomita ziandikwe. Baada ya kilomita 1,000, gari lirudishwe palepale, na oili ya kuongezea ipimwe kwa chupa yenye alama.

Kabla ya kuilaumu injini, kadibodi safi ilazwe chini ya gari usiku kucha. Oili inayodondoka kutoka sili ya krenki, gasketi ya kava la juu au nati ya sampo haikuliwa, imevuja, na tiba yake ni rahisi zaidi. Kwa mji uliokaa ukingoni mwa ziwa kama Musoma, uvujaji si shida ya mwenye gari peke yake, maana mvua ikinyesha kilichodondoka barabarani huelekea majini.

Moshi nao una lugha yake. Moshi wa bluu unaotoka kidogo asubuhi gari linapowashwa, kisha ukapotea, huelekeza kwenye sili za valvu zilizokakamaa. Moshi wa bluu unaoongezeka gari linapokanyagwa kupanda mlima huelekeza kwenye ringi au silinda. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe mzito usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua na oili ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, ni gasketi ya silinda hedi, na hapo gari lisiendeshwe tena.

Mkoa wa Mara una adui wake hasa wa injini: vumbi. Kwenye barabara za udongo za vijijini, Bunda hata Buhemba, kichujio cha hewa hujaa upesi. Wengi hukipuliza kwa kompresa tena na tena mpaka karatasi inachanika, na vumbi linaingia moja kwa moja kukwaruza ukuta wa silinda. Mkwaruzo huo ringi mpya peke yake haiutibu. Kuchelewesha kumwaga oili ni mlango mwingine: masizi huziba matundu ya ringi ya oili, ringi inaganda, na oili inapanda juu.

Kinachoua injini kwa kawaida si ile oili iliyoungua. Ni ile ambayo haikuongezwa. Probox na IST nyingi hutumia injini ya 1NZ-FE, ambayo hubeba chini ya lita 4 tu, na kati ya alama mbili za stiki mara nyingi kuna lita 1 hivi. Injini hiyo ina cheni inayokazwa kwa shinikizo la oili, na mfumo wa VVT-i, wa kupanga muda wa valvu, unaotegemea shinikizo hilohilo. Madereva wengi husubiri taa nyekundu ya oili. Katika magari mengi taa hiyo haipimi ujazo, inapima shinikizo. Ikiwaka safarini, bearingi za krenki huenda zimeanza kukauka, na hatua iliyo sahihi ni kusimama na kuzima injini papo hapo, si kujikongoja hadi sheli inayofuata.

Anayenunua gari lililotumika anahitaji uangalifu zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania huliruhusu kwa ushuru wa ziada, kwa hiyo magari yaliyokwisha kutembea sana ni mengi upande huu wa mpaka wa Sirari. Gari likaguliwe injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla mteja hajafika aombwe kulizima, na mteja arudi kesho yake asubuhi. Moshi wa sili za valvu huonekana injini inapowashwa ikiwa baridi, kisha hupotea.

Kipimo kikionyesha kwamba mpaka umevukwa mbali, lita 1 kwa kilomita 500 kwa mfano, ndipo gereji ianze kazi, na ianze na geji ya mgandamizo kabla ya spana. Silinda yenye mgandamizo mdogo itiwe kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Namba ikipanda, ringi au silinda imechoka. Isipopanda, valvu ndizo za kutazamwa. Mgandamizo mzuri bado hauiondolei lawama ringi ya oili, kwa kuwa kazi ya kuzuia mgandamizo ni ya zile mbili za juu. Sili za valvu katika injini nyingi hubadilishwa bila kushusha injini, kwa gharama ndogo sana kuliko kuifungua yote.