Akili Inapopimwa kwa Jina la Kozi: Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Jijini Kigali



Hapa Kigali, mwanafunzi akisema anasoma uhandisi au udaktari, wenzake husema ana kichwa. Akisema anasoma Kiswahili, huulizwa atafanya kazi gani. Jambo la akili limegeuka la mkate, na hakuna aliyeshtuka.

Nadai kwamba wanafunzi hawa hawapimi akili. Wanapima ugumu wa kuingia. Kwa miaka mingi, aliyemaliza mwaka wa tatu wa sekondari alipangiwa tahasusi kwa kuangalia alama zake. Herufi PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, au HEG, yaani Historia, Uchumi na Jiografia, zilimfuata hadi chuoni kama cheo. Pandisha alama za kuingilia Kiswahili kwa miaka mitano tu, nina hakika wanaokisoma wataanza kuitwa majiniasi, ingawa mtaala haujabadilika hata nukta.

Mji nao umechangia. Taasisi saba za umma zilipounganishwa mwaka 2013 kuunda Chuo Kikuu cha Rwanda, sayansi na teknolojia zilibaki Nyarugenge, hapa Kigali, palipokuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali (KIST). Sanaa na sayansi za jamii zikapata makao Huye, nje ya Kigali. Ukiongeza kampasi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na taasisi ya hisabati ya AIMS, kijana wa Kigali anaiona sayansi kila apitapo. Mwanafalsafa atamwona wapi?

Kwingineko ngazi hii ya fani imepangwa vingine. Januari 2015, Sarah-Jane Leslie, Andrei Cimpian na wenzao walichapisha katika jarida la Science maoni ya wanataaluma zaidi ya 1,800 wa Marekani kutoka fani 30. Falsafa ilikuwa juu kabisa, pamoja na hisabati, kati ya fani zinazodhaniwa kuhitaji kipaji cha kuzaliwa. Biolojia ya molekuli ilikuwa chini sana. Tena, kadiri fani ilivyosifiwa kwa kipaji, ndivyo wanawake wenye shahada ya uzamivu walivyopungua humo. Hilo lingetosha kututia wasiwasi tunapowasifu vijana wa PCM mbele ya dada zao.

Hapa Rwanda nako tuna mfano wa mwanafalsafa: Padri Alexis Kagame, mshairi na mwanahistoria, alichapisha mwaka 1956 kazi yake juu ya falsafa ya uwepo, akivigawa vyote vilivyopo katika makundi manne kwa kufuata ngeli za Kinyarwanda. Kwa vipimo vya mabweni ya leo, huyo angeambiwa alikosa alama za kusomea udaktari.

Tahasusi zile sasa zinapisha mikondo mipana. Nasitasita kushangilia: mkondo wa lugha ukipokea waliobaki, hatujabadilisha kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwagawia wanafunzi dodoso lolote la kuuliza nani ana akili zaidi, napendekeza jaribio. Tukusanye kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho: uthibitisho wa kanuni ya hisabati, mchoro wa daraja, tafsiri ya sheria kwa Kiswahili, lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Tufute majina ya kozi na alama za udahili. Kisha tumpe kila mwanafunzi kazi moja ya fani isiyo yake, aijaribu mwenyewe, ndipo tumuulize.