Usiguse Mtungi wa Oksijeni

Msikilizaji, umefika wodini kumjulia hali mgonjwa. Unamkuta na mpira wa oksijeni puani, pumzi zinamwenda mbio, na moyo unakutuma umwongezee hewa. Acha, mwite muuguzi. Oksijeni ni dawa, nayo ina kipimo. Mgonjwa ambaye mapafu yake yamechakazwa na miaka ya moshi wa sigara au wa kuni mara nyingi hulengwa kiwango cha oksijeni katika damu cha asilimia 88 hadi 92 tu. Akizidishiwa, hewa chafu yaweza kulundikana katika damu, akasinzia, nanyi mkadhani amepata nafuu.

Asilimia hizo husomwa na kile kidude kinachobana kidole. Kinatumia mwanga, ndiyo maana rangi ya kucha iliyokolea, au piko, huweza kukipotosha. Bi harusi wa juzi asishangae kikihamishiwa sikioni! Tena kimeonekana kusoma juu kuliko hali halisi kwa baadhi ya watu wenye ngozi nyeusi, jambo ambalo kwetu si dogo hata kidogo. Kwa hiyo ukimwona muuguzi ameshika saa, macho kifuani mwa mgonjwa, usimsemeshe: anahesabu pumzi, dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, midomo ikibadilika rangi, au akianza kuweweseka, usingoje zamu ibadilike. Msaidie akae, kisha uite kwa sauti.

Na kiberiti? Kibaki nje. Karibu na oksijeni, cheche ndogo huwa moto mkubwa.