Mtoto Anapopimwa Sonona: Yale Mzazi Anayopaswa Kuyadai



Anayempeleka mtoto kliniki kwa sababu ya homa anajua la kutarajia: kipimajoto, tone la damu, majibu. Anayempeleka kwa sababu mtoto amebadilika tabia hana mazoea hayo, naye hupokea lolote apewalo.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona. Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine yanayofanana nayo, kama upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo. Kilichopo ni mazungumzo, na mara nyingi dodoso. Mojawapo ya yale yatumikayo sana, PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili, lina maswali 9 kuhusu majuma 2 yaliyopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama 10 au zaidi kwa kawaida humtaka mhudumu achunguze zaidi. Nasisitiza: achunguze zaidi. Dodoso si hukumu. Na lile lililojazwa kwenye benchi, mama akichungulia begani, halina thamani kubwa.

Mhudumu makini huwasikiliza wazazi, kisha huwaomba watoke. Msikasirike. Kijana wa miaka 14 si rahisi aseme mbele ya baba yake yale yanayomkosesha usingizi. Wala msingoje machozi: kwa watoto, sonona huweza kujitokeza kama hasira, au tumbo linalouma kila asubuhi ya shule. Wapo waliochapwa kwa ajili ya ugonjwa huo.

Swali la kujidhuru halina budi kuulizwa, tena waziwazi. Wako wazazi wanaolalamika kwamba daktari amemfundisha mtoto habari za kufa. Sivyo, kuuliza hakupandikizi wazo. Mimi ningelalamika juu ya asiyeuliza. Kijana akikiri kwamba anawaza kujiua, hiyo ni dharura: asiachwe peke yake, na dawa zote pamoja na sumu za panya na za shambani zifungiwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka, ulizeni alama alizopata zina maana gani, nani atalisoma jalada lake, na mrudi lini. Mkipewa dawa bila mtoto kuzungumzishwa, ombeni aonwe na mhudumu mwingine.